Mbung'o Waliopita Tundu la Sindano

Mwaka 1887 ng'ombe walioletwa na jeshi la Italia walishushwa katika bandari ya Massawa, Eritrea ya leo, wakiwa na sotoka. Wanyama wa upande huu wa Afrika hawakuwa na kinga yoyote ya ugonjwa huo. Kufikia 1891 ulikuwa umeshapita nchi ya Wamaasai, na 1896 ukavuka mto Zambezi. Inakadiriwa kwamba katika sehemu nyingi ng'ombe tisa kati ya kumi walikufa. Wamaasai walikipa kipindi hicho jina, Emutai, yaani maangamizi: sotoka, ndui na njaa, moja haijaondoka nyingine iko mlangoni.

Hii tuliisoma shuleni, si ndiyo? Mistari minne hivi, kati ya Mkutano wa Berlin na reli ya Uganda, halafu mwalimu akafungua ukurasa. Kitabu kilihesabu ng'ombe na kikahesabu watu. Nzi hakuhesabiwa.

Nzi ninayemsema ni mbung'o. Huyu hana chakula kingine ila damu, dume na jike. Na sotoka haikuua ng'ombe pekee. Iliua nyati, pofu, tandala na nguruwe mwitu. Kwa mbung'o ilikuwa kama hoteli zote za mji kufungwa wiki moja bila notisi. Kusini, kati ya Zambezi na Limpopo, walitoweka katika maeneo makubwa waliyokuwa wametawala, wakabaki kwenye vipande vichache tu vya msitu. Baadaye wanyama wa porini waliongezeka tena, vichaka vikajaa pale ng'ombe walipokuwa wakilisha, na mbung'o wakarudi. Sehemu hii ya kurudi ina waandishi wake: John Ford aliitolea kitabu kinene mwaka 1971, na Helge Kjekshus akaifuatilia upande wa Tanganyika mwaka 1977. Wote wawili walikuwa wanauliza nini kiliwapata watu na mifugo.

Mimi swali langu lilitoka kwa mjomba. Anafuga huko chini kuelekea Ziwa Bogoria, ambako mbung'o wapo, na akipiga simu Eldoret mara nyingi ni kuniagiza dawa ya nagana. Siku moja, baada ya kuniambia ni chupa ngapi, akauliza: "Kijana, wewe unasomanga sana. Hawa nzi hupigwa dawa mpaka unasema wameisha. Halafu wanarudi. Ni wale wale ama ni wengine?"

Niliacha chuo mwaka wa pili. Ilikuwa karo, hamu ya kusoma haikuwahi kuisha. Siku hizi naandika makala za watu wengine kwa malipo ya neno, na usiku nasoma ninachotaka mwenyewe. Swali la mjomba nimelibeba usiku mwingi sana, na jibu lake limenipeleka mbali: Hawaii, Zimbabwe, Unguja, kisha Lambwe hapa kwetu.

Anza na gunia. Chukua gunia la githeri kavu lenye mahindi meupe, mahindi ya manjano, nyayo, rosecoco, na wairimu kidogo. Funga macho, chota kikombe kimoja, mwaga kilichobaki. Sasa panda hicho kikombe, vuna, panda tena. Baada ya misimu kadhaa gunia lako litajaa kama la kwanza, na jirani hataona tofauti. Lakini kama wairimu haikuingia kwenye kikombe, haimo tena shambani mwako. Na kama rosecoco iliingia kwa bahati punje nyingi, sasa imejaa kila mahali, wala si kwa sababu ni bora. Jamii ya viumbe ikipungua ghafla hadi wachache, hicho ndicho huitokea. Mimi naita kupita tundu la sindano. Idadi hurudi haraka. Aina zilizopotea hazirudi haraka hivyo.

Kwa mbung'o alama za tundu hilo zimetafutwa ndani ya jeni. Elliot Krafsur wa Chuo Kikuu cha Iowa State, Marekani, alilichunguza kwa miaka mingi suala hili katika Glossina pallidipes, mmoja wa mbung'o wakuu wa Kenya, akishirikiana na watafiti wa huku kama Johnson Ouma. Walipima jeni za mitokondria, zile zinazorithiwa kwa mama peke yake. Walipata aina chache kuliko walivyotarajia, hasa huko kusini ambako sotoka iliwafagia zaidi. Wakaandika kwamba hii ni dalili ya jamii iliyowahi kubaki na wachache, na sotoka ikawa miongoni mwa washukiwa wakuu.

Sasa tuje kwenye kuchumbiana, maana jeni zikipotea, hazipotei zile za rangi na ukubwa peke yake. Mdudu hurithi hata namna ya kutongoza na namna ya kukataa.

Kwa wadudu wengi dume ndiye anayekatia. Ataimba, atacheza, atatoa harufu, atapepea bawa moja kando ya jike. Jike atasikiliza, ataangalia, na mara nyingi ataenda zake. Kukataa kuna faida: dume wa aina nyingine atampa mayai yasiyoanguliwa, na dume dhaifu atampa watoto dhaifu. Lakini kukataa kunategemea jambo moja ambalo ni rahisi kulisahau. Lazima kuwe na dume mwingine nyuma ya huyu.

Mwaka 1976 Kenneth Kaneshiro, mtafiti wa nzi wa Hawaii, alijenga wazo lake juu ya jambo hilo hilo. Visiwa vya Hawaii viliibuka baharini kimoja baada ya kingine, na nzi walihamia kisiwa kipya wakiwa wachache mno, pengine jike mmoja tu aliyekwisha kupandwa. Katika vizazi vya mwanzo madume ni wa kuhesabu. Jike mwenye masharti mengi anazeeka bila kuzaa. Anayemkubali wa kwanza kupiga hodi ndiye mwenye wajukuu. Vizazi vikienda, masharti ya majike yanalegea, na madume, kwa kuwa hawaulizwi tena, wanapoteza vipande vya ngoma yao. Ukiwakutanisha baadaye na jamaa zao wa kisiwa cha zamani, unaona jambo la ajabu. Majike wa zamani wanawakataa madume wapya, kwa sababu ngoma yao ina mapengo. Majike wapya wanawapokea madume wa zamani bila shida. Ni mlango unaofunguka upande mmoja.

Wazo zuri, lakini wazo si ushahidi. Twende kisiwa cha Kauai, huko huko Hawaii. Kuna nyenje aliyefika huko kutoka pande za Australia na visiwa vya Pasifiki. Dume huimba kwa kusugua mabawa ili kumwita jike. Shida ni kwamba Kauai kuna nzi mmoja, Ormia ochracea, anayeusikia wimbo huo, anamfuata mwimbaji na kumwekea funza wanaomla akiwa hai. Marlene Zuk, aliyekuwa akiwafuatilia nyenje hao tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, aliona wakipungua mpaka mwaka 2001 akasikia dume mmoja tu akiimba. Mwaka 2003 alirudi, akakuta nyenje wamejaa, na kimya kimetanda. Wengi wa madume walikuwa wamezaliwa na mabawa laini yasiyoweza kutoa sauti. Badiliko hilo lilienea katika vizazi visivyozidi 20 hivi.

Bawa bubu linamficha dume asiliwe, sawa. Lakini bubu anapataje mke? Madume hao hukaa karibu na wachache wanaoimba bado, wakasubiri majike wanaokuja. Kisha wako majike wenyewe. Robin Tinghitella na Zuk walipowapima, waligundua kwamba majike wa Kauai wako tayari zaidi kumkubali dume asiyeimba kuliko wenzao wa kwingine. Maelezo yao yalikuwa jirani na ya Kaneshiro: kuvuka bahari mkiwa wachache, kisiwa baada ya kisiwa, kulikuwa kumeshalegeza masharti kabla hata bawa bubu halijatokea. Bubu alifika akakuta mlango haujafungwa.

Kisa kinachonivutia zaidi kiko Afrika. Unawajua wale vinzi wanaozunguka ndizi zilizoiva sana kwa mama mboga? Hao ni Drosophila melanogaster, wadudu waliochunguzwa kuliko karibu wadudu wote duniani. Thomas Hunt Morgan alimpata wa macho meupe kwenye maabara yake New York mwaka 1910, na somo la jeni likabadilika. Lakini asili yao ni huku. Aina nyingi zaidi za jeni zao ziko Zambia na Zimbabwe. Maelfu ya miaka iliyopita kikundi kidogo kilitoka, kikafuata watu na matunda yao, na kikaijaza dunia. Wale wa nje wana aina chache za jeni kuliko waliobaki, na hiyo ni alama ya tundu la sindano.

Mwaka 1995 Chung-I Wu na wenzake walichapisha matokeo kuhusu nzi kutoka Zimbabwe, wakiwemo wa hifadhi ya Sengwa. Waliwapa majike wa Zimbabwe nafasi ya kuchagua kati ya madume wa nyumbani na madume wa dunia nzima. Majike walichagua wa nyumbani, karibu wote. Walipogeuza jaribio, majike wa nje waliwakubali madume wa Zimbabwe bila kelele. Dayaspora anarudi nyumbani na viatu vipya, anakatia, na anaambiwa hapana.

Hapa lazima niwe mwangalifu. Mlango huu unafunguka upande ule ule alioutabiri Kaneshiro, lakini walioondoka hawakukutana na upungufu wa wachumba tu. Walikutana na baridi, na vyakula vipya, na nyumba za watu. Chochote kati ya hivyo kingeweza kubadilisha harufu ya mwili au wimbo wa bawa.

Ndiyo maana wengine waliamua kutengeneza tundu la sindano wenyewe, maabarani. Lisa Meffert na Edwin Bryant walimchukua nzi wa nyumbani, huyu wa chooni na jikoni, wakazipitisha jamii zake kwenye upungufu mara kwa mara: nyingine zikibaki na jozi 1, nyingine 4, nyingine 16. Matokeo waliyochapisha mwaka 1991 yalionyesha kwamba uchumba ulibadilika, lakini si wote kuelekea upande mmoja. Kila jamii ilitoka na mtindo wake, kama vijiji viwili vyenye ngoma moja na hatua tofauti. Kisha mwaka 1998 Howard Rundle, Arne Mooers na Michael Whitlock walijaribu na nzi wa matunda, na hawakuona ukuta wa kuchumbiana ukiinuka kati ya waliopita tundu na wasiopita. Kwa hiyo mtu akikwambia upungufu lazima huzaa aina mpya ya mdudu, mwambie apunguze mwendo. Unachanganya karata. Nani atashinda mchezo, hilo ni jambo lingine.

Mpaka hapa unaweza kusema haya ni mambo ya watu wenye muda. Turudi basi kwa mbung'o, ambako kosa la uchumba lina bei ya ng'ombe.

Jike wa mbung'o hatagi mayai kwa mamia kama nzi wengine. Analea funza mmoja tumboni, anamzaa kila baada ya siku tisa au kumi hivi, na kwa kawaida anapandwa mara moja au chache tu maishani, mbegu anazihifadhi. Kwa hiyo uamuzi wake mmoja una uzito kuliko mamia ya mayai ya nzi wa jikoni. Dume hupata uhakika kwa kumgusa: kwenye ngozi ya jike kuna kemikali inayomwambia huyu ni wako. Mwaka 1978 Thomas Jaenson alionyesha kwamba jamii za pallidipes zinazoishi mbali mbali hutofautiana katika muda wa kupandana, na tofauti hiyo hurithiwa. Hao mbung'o wa mjomba na wale wa pwani si lazima wawe na desturi moja.

Unguja ilitumia desturi ya kupandwa mara moja kama silaha. Mbung'o wa huko alikuwa Glossina austeni, na msitu wa Jozani ulikuwa moja ya ngome zake. Kwanza idadi ilipunguzwa kwa dawa ya kumwagia ng'ombe na vitambaa vyenye sumu. Kisha kuanzia 1994 madume waliofugwa Tanga, wakahasiwa kwa mionzi, walimwagwa kutoka angani kila wiki, zaidi ya milioni 8 kwa jumla. Jike akipandwa na dume tasa, basi, hazai. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa Septemba 1996, na mwishoni mwa 1997 urushaji ukasimamishwa. Mpaka leo Unguja hutajwa kote duniani kama mfano wa mbung'o kumalizwa.

Ilifaulu kwa sababu kadhaa, na moja ni kwamba majike wa Unguja waliwakubali madume wa kiwandani. Hilo halikuwa la lazima. Ufugaji wenyewe ni tundu la sindano. Unaanza na nzi wachache waliokubali kuishi kizimbani, na kizimbani anayezaa ni dume mwenye haraka, kwa sababu jike hana pa kukimbilia. Mwaka 2014 Marc Ciosi, Dan Masiga wa icipe, Nairobi, na mwenzao Turner walichapisha utafiti kuhusu jambo hili hili kwa pallidipes: jamii ya kufugwa inayotumika kwa miradi ilikuwa imepoteza sehemu ya aina za jeni walizo nazo wenzao wa porini.

Na kuna onyo. Liko Kauai tena, kisiwa cha nyenje bubu. Nzi wa matunda wa Mediterania, ambaye licha ya jina lake ni Mwafrika na hapa Kenya hukaa kwenye buni za kahawa, alifika Hawaii mwaka 1910. Kauai ilimwagiwa madume tasa wa nzi huyo kwa miaka. Donald McInnis na wenzake walipowapima majike wa kisiwa hicho, mwaka 1996 wakatangaza kwamba wamekuwa wagumu: wanawakataa madume wa kiwandani kuliko majike wa kwingine. Ni rahisi kuona ilivyokuwa. Katika bahari ya madume tasa, jike asiyechagua hana mtoto. Aliyebaki na watoto ni yule aliyesikia kasoro kwenye ngoma ya kiwandani akasema hapana, na binti zake wakarithi hapana hiyo.

Kisiwa kimoja, wadudu wawili, majibu mawili yanayopingana. Nyenje walipungua wakawa wepesi wa kukubali. Nzi wa matunda walibanwa wakawa wagumu. Hili ndilo nililokuwa nalitafuta. Kupungua peke yake hakuamui jike atakuwa wa namna gani. Kunachoamua ni nani anayemsubiri upande wa pili wa tundu. Akikuta madume wachache lakini wa kweli, masharti yanalegea. Akikuta umati wa matapeli, masharti yanakaza. Idadi ndogo huharakisha mambo na huongeza bahati nasibu, basi.

Kwa Kenya hili si jambo la nadharia. Bonde la Lambwe, kule kwenye mbuga ya Ruma, lilinyunyiziwa dawa kwa ndege mwaka 1981. Mbung'o walianguka karibu wote, kisha wakajaza bonde tena. Waliorudi walizaliwa na wale wachache walionusurika, na hivyo kila kampeni isiyomalizika ni kikombe kipya kinachochotwa kutoka gunia lile lile, sisi wenyewe tukiwa tumekishika. Kwa swali la mjomba basi: ni wale wale kwa ukoo, lakini si lazima wawe wale wale kwa tabia.

Senegal walilizingatia hili. Kabla ya kurusha madume tasa katika eneo la Niayes, madume kutoka jamii iliyofugwa Burkina Faso walikutanishwa kwanza na majike wa Senegal ndani ya vizimba vikubwa, ili ionekane kama watakubaliwa. Walikubaliwa, na mradi ukaendelea. Jaribio la namna hiyo huchukua siku chache na nzi mia kadhaa. Ukisikia kampeni ikitangazwa kwenu, uliza kama limefanywa, na kama litarudiwa mwaka wa pili na wa tatu. Mitego huhesabu waliobaki. Haiwezi kusema ni majike gani waliobaki, wala watamkubali nani.